Venye unaeza chagua agensi ya kutangaza biashara mtandaoni bila kupoteza pesa na peji yako

Kama uko na duka Kisumu, saluni Nakuru, agroveti Bungoma ama lojing Kakamega, najua umeshaandikiwa WhatsApp na mtu anasema yeye ni wa agensi ya digital, na ati ndani ya mwezi mmoja atakuletea wateja hadi ushindwe kuwahudumia. Wengine wao ni watu wa kazi kabisa na wameinua biashara za watu, hiyo siwezi kataa. Lakini kuna wengine wanakula pesa ya mtu ambaye faida yake ni shilingi ishirini ishirini akikusanya siku nzima, na hiyo inaniuma sana juu wanaoumizwa ni wale hawana pesa ya kupoteza. Ndio maana nimeandika hapa venye mimi huangalia nikiulizwa na mtu kama apee agensi fulani kazi ama aachane nayo, na nakuomba usome yote kabla hujatuma hata mia tano ya kushikilia nafasi.

Kitu ya kwanza, na hii ukisahau mengine yote hii usisahau, ni kwamba kila akaunti ya biashara yako iwe kwa jina lako, imeli yako na namba yako ya simu. Peji ya Facebook, Instagram, TikTok, ile Google Business Profile inayofanya duka lako lionekane kwa ramani, akaunti ya matangazo, tovuti, hadi laini ile WhatsApp ya biashara imefunguliwa nayo. Agensi wakuje kama mfanyakazi unampa funguo ya duka asubuhi na jioni unaeza mnyang'anya, wasikuje kama wenye duka.

Kuna mama mmoja anauza mapazia na kapeti upande wa Kibuye, hapa Kisumu. Alipoanza hakuwa na peji, kwa hivyo agensi ikamfungulia, kwa imeli yao, na wakaweka namba yake ya simu. Kazi walifanya, sitasema hawakufanya, peji ikakua na watu wa Siaya na Vihiga wakawa wanaagiza mapazia hapo na kutumiwa na matatu. Sasa Januari ikafika, school fees zikamkaba, akawaambia atapumzika mwezi mmoja alafu waendelee. Wakamwambia sawa mama, lakini peji ni mali ya kampuni, ukiitaka nunua. Wiki hiyo hiyo namba yake ikatolewa ikawekwa ya mtu mwingine anauza vitu kama zake. Akafungua peji mpya kutoka sifuri, na hadi wa leo kuna wateja wanamuuliza mbona walimtext kwa ile ya zamani akawapea bei tofauti. Hakuna paswadi ilivunjwa hapo, hakuna mtu aliingiliwa akaunti, ni vile tu jina lake halikuwa mahali popote kwa ile akaunti.

Kuzuia hiyo si ngumu na hauhitaji kujua kompyuta sana. Peji fungua wewe mwenyewe na simu yako, ama mwambie mtoto wako aliye chuo akufungulie mkiwa mmekaa pamoja, kwa imeli yako. Alafu kwa mipangilio ya biashara ya Meta, ile kampuni yenye Facebook na Instagram, kuna mahali pa kuongeza partna, agensi inakupa namba yake ya biashara (Business ID, si namba ya simu), unaiweka pale, na unachagua tu kazi zile unataka wafanye, kama kuposti, kuendesha matangazo na kuona ripoti. Ile ruhusa kamili ya peji inabaki kwako. Kwa Google ni vivyo hivyo, wewe unabaki mmiliki na wao unawaweka kama meneja, na meneja hawezi kukutoa kwa duka lako, lakini wewe unaeza mtoa dakika hiyo hiyo umeamua.

Kwa hivyo mtu akikuambia "boss nipee tu paswadi niwashe hiyo ad leo leo", hapo umeshapata jibu lako. Agensi inayojua kazi haihitaji paswadi yako ya Facebook, na hakuna siku itahitaji ile code ya namba sita inayoingia kwa simu yako. Ukiulizwa hiyo code, kata simu. Na uwashe ile ulinzi wa hatua mbili, ile inaitisha code mbali na paswadi, kwa kila akaunti kabla hujakaribisha mtu yeyote.

Tovuti nayo watu huisahau kabisa. Jina la tovuti linaloisha na .co.ke linasimamiwa na KeNIC, shirika la majina ya tovuti za Kenya, na wako na ukurasa wa whois ambapo unaandika jina unaona limesajiliwa kupitia nani, na mara nyingine linaonyesha liko kwa jina la nani. Nimeona biashara nyingi zenye tovuti nzuri sana lakini jina liko kwa imeli ya kijana aliyeitengeneza, na huyo kijana alishaenda Gulf kutafuta kazi na namba haipatikani, alafu siku ya kulipia mwaka mwingine inapita na tovuti inazima. Sema mapema kwamba jina linunuliwe kwa imeli yako na wewe uwe na uwezo wa kuingia kwa akaunti pale lilinunuliwa.

Na pesa ya matangazo. Hapa ndio kuna mchezo mkubwa, wacha nikae hapa kidogo.

Agensi ikikuambia "elfu kumi na tano kwa mwezi, kila kitu ndani", uliza hapo hapo, ngapi ni ya jasho lenu na ngapi inaenda kwa Facebook ama Google? Hizo ni pesa mbili tofauti na hazifai kuchanganywa kwa sufuria moja. Ukikubali zichanganywe, hakuna kitu kinawazuia kuweka elfu moja kwa matangazo na kubaki na zile zingine, na wewe hutawahi jua juu ripoti wataiandika wao. Njia safi ni uweke kadi yako mwenyewe kwa akaunti ya matangazo. Hauna kadi ya benki? Safaricom walileta M-PESA GlobalPay 2022, ni kadi ya Visa inayokaa ndani ya simu na pesa inatoka kwa M-PESA yako, na ukilipia matangazo nayo unapata mesej kila shilingi ikitoka. Unaeza weka kikomo kwa akaunti ya matangazo isipitishe kiasi fulani, na ujue Meta wanaongeza VAT ya asilimia 16 juu, usidhani umeibiwa ukiona elfu tano imekuwa elfu tano mia nane. Agensi yenyewe unailipa jasho lake kando.

Sasa kuwachunguza wao kama wao. Usianze na ofisi. Ofisi nzuri kwa ghorofa ya juu Oginga Odinga Street hapa Kisumu ama Kenyatta Avenue pale Nakuru haimaanishi kitu, hiyo ni kodi ya nyumba tu mtu analipa, na kwa maoni yangu mimi heri kijana mmoja anafanyia kazi kwa meza ya cyber huko Kondele lakini anakuonyesha kila kitu, kuliko kampuni ina resepsheni na kahawa na haitaki uone akaunti yako.

Anza na kazi yao. Waulize wamefanyia biashara gani, alafu usichukue skrinshoti walizokutumia, skrinshoti hata mtoto wa darasa la nane anaeza tengeneza. Meta wako na kitu inaitwa Ad Library, iko wazi kwa kila mtu na ni bure, hauhitaji hata kuwa na akaunti. Fungua kwa brauza ya simu, chagua Kenya, chagua matangazo yote, alafu andika jina la ile biashara wanasema wanaitangaza. Itakuonyesha matangazo yanayoendesha saa hiyo, picha yake, maneno yake, na siku yalianza. Kama walisema wanashughulikia hoteli fulani ya Milimani na ukitafuta hakuna hata tangazo moja, waulize kwa upole, pengine hoteli imepumzika, lakini wakianza kuzunguka zunguka unajua. Ukipata tangazo limekaa muda mrefu linaendesha, hiyo kidogo ni dalili nzuri juu hakuna mtu anaendelea kulipia kitu haileti. Na ukiwa hapo angalia pia washindani wako wanatangaza nini, hiyo ni elimu ya bure.

Peji yao yenyewe ina sehemu ya uwazi wa peji. Bonyeza uone ilifunguliwa lini, imebadilisha jina mara ngapi, na wanaoiendesha wako nchi gani. Peji inasema ni agensi ya miaka mingi Kisumu lakini mwaka uliopita ilikuwa peji ya odds za mpira, hiyo achana nayo. Angalia pia folowazi na maongezi. Mtu ako na folowa elfu arobaini alafu kila posti ina laiki kumi na mbili na komenti ni moto na makofi kutoka kwa majina ya nchi za mbali, hao folowa wamenunuliwa, na ndio hao hao atakununulia wewe na kukuambia umekua. Folowa wa kununuliwa hawezi kukuja Nyamasaria kununua matairi.

Alafu piga simu kwa wateja wao wawili ama watatu, na usipige tu wale agensi imekupa namba zao, tafuta mwingine mwenyewe kwa hizo posti zao. Nenda hata dukani kwake, Kisumu sio kubwa hivo, boda ya pesa kidogo inakufikisha. Usimuulize "wako sawa?" juu kila mtu atasema wako sawa. Muulize akaunti ya matangazo iko kwa jina la nani, wanamtumia ripoti siku gani, na shida ikitokea wanashika simu ama wananyamaza. Kama kuna aliyewaacha, huyo ndio wa maana zaidi, muulize walirudisha kila kitu ama alipigana nao.

Karatasi za serikali usiziruke pia, hazichukui muda. Kwa eCitizen, upande wa Business Registration Service, unaeza lipia kuangalia kama kampuni imesajiliwa na wenyewe ni kina nani. PIN yao ya KRA unaiangalia kwa iTax bure, na ulizia kama watakupa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, manake tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS KRA hawaikubali ukihesabu kodi ya biashara yako. Kijana anayefanya peke yake anaeza kuwa na jina la biashara tu na sio kampuni, hiyo si dhambi. Lakini mtu anataka umtumie elfu thelathini kwa namba yake binafsi na jina linalotokea kwa M-PESA halifanani na jina lolote amekuambia, huyo simama naye hapo hapo.

Kuna maneno ukisikia tu uanze kutembea. La kwanza ni "tunakuhakikishia namba moja kwa Google". Google wenyewe wameandika kwa maelekezo yao kwamba hakuna mtu anaeza kukuhakikishia hiyo nafasi, na kulipia matangazo kwao hakupandishi ile nafasi ya kawaida isiyolipiwa. Lingine ni "tuko na namba elfu kumi za watu wa Kisumu tutawatumia SMS". Hizo namba walitoa wapi? Sheria ya Data Protection ya 2019 inataka mtu akubali kabla ya kutumia namba yake kumuuzia kitu, na lawama haibaki kwa agensi peke yake, inakufikia wewe uliyewatuma. Angalia kama wamesajiliwa na ofisi ya kamishna wa data, ODPC, wako na rejista kwa tovuti yao. Na hiyo ofisi haitishi bure, 2023 ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hivyo agensi ikikuja saluni kwako na kamera na kuanza kupiga wateja picha bila kuwauliza, wasimamishe. La tatu ni riviu, ati watakuandikia riviu hamsini za nyota tano. Google hawaruhusu riviu za uongo, wanaeza zifuta na kufungia duka lako kupata zingine kwa muda, na wewe ndio utaumia, wao watakuwa wamehamia kwa mwingine. Ukiona pia beji ya Google Partner kwa tovuti yao, ile ya kuonyesha Google wanawatambua, ibonyeze. Ya ukweli inakupeleka kwa ukurasa wa Google wenyewe, ya uongo ni picha tu.

Mkikutana, sikiliza maswali yao kuliko majibu yao. Agensi nzuri itakusumbua na maswali. Unauza nini zaidi? Faida yako kwa kila moja ni ngapi? Nani anajibu mesej saa mbili usiku? Mteja wa Busia anapata mzigo vipi, na matatu ama na kampuni ya kubeba mizigo, na nauli ya mzigo analipa nani? Kama uko na agroveti Bungoma na hawajakuuliza wakulima wananunua mbegu na mbolea lini, hawajui hiyo biashara. Mahindi huku yanapandwa mvua ya Machi ikianza, kwa hivyo tangazo la mbegu likiwashwa mwisho wa Aprili umechoma pesa. Saluni ya Kondele inafaa itangazwe kwa watu walio kilomita chache kutoka hapo, na Facebook inaruhusu kuchora huo mzunguko. Ukiona mesej zinatoka Mombasa na Malindi zikiuliza bei ya kusuka, ujue mtu aliwasha Kenya nzima akaenda kulala.

Ukiwakubali, usianze na mkataba wa mwaka. Anza na mwezi mmoja, zaidi sana miezi mitatu, na pesa ambayo ikipotea hautafunga duka. Alafu wewe mwenyewe uwe na daftari, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari na hapa ni ukweli mtupu. Kila mteja akikuja ama akipiga, muulize ametujua wapi, andika. Usikubali ripoti ya "tulifikia watu elfu themanini", kufikia si kununua, mtu amepitisha kidole tu kwa simu akiwa kwa matatu. Hesabu hivi. Tuseme umelipa agensi elfu kumi na matangazo yamekula elfu tano, jumla elfu kumi na tano. Mesej zimeingia hamsini, hiyo kila mesej imekugharimu mia tatu. Kwa hao hamsini, kumi na mbili wamenunua, na faida yako kwa kila mmoja ni elfu moja na mia tano, hiyo ni elfu kumi na nane. Umebaki na elfu tatu juu, si mbaya kwa mwezi wa kwanza, na wengine watarudi. Lakini wakinunua sita tu, umeingia hasara ya elfu sita, na hapo kaa nao chini muangalie shida iko wapi kabla hujawafukuza, juu wakati mwingine tangazo lilifanya kazi vizuri kabisa na shida ni hapo kwa duka mesej zilikuwa zinajibiwa kesho yake. Hiyo naona sana, na ni haki tuiseme pia, agensi haiwezi kukuuzia kama wewe hujibu.

Makubaliano yaandikwe, hata kurasa moja inatosha, na mtie sahihi. Iandikwe kazi gani watafanya kila wiki, ripoti inakuja siku gani, jasho lao ni ngapi na matangazo ni ngapi, picha na video zote ni zako hata mkiachana, kila mtu anaeza kutoka akitoa notisi ya siku ngapi, na kwamba hakuna akaunti itafunguliwa kwa jina lao. Hiyo ya mwisho ndio wengi watataka kuitoa, usikubali itolewe. Usilipe yote mbele. Nusu mwanzo, nusu baada ya ripoti ya kwanza, na kama wana till ama paybill ya kampuni lipa huko ndio jina litokee.

Wakikuruka baada ya kulipwa, usinyamaze na usiende tu kuwatukana Facebook, kutukana kunaeza kukugeuzia kesi. Kuna korti ya madai madogo, iko Kisumu na iko Nakuru pia, inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na sheria inataka imalize kesi ndani ya siku 60. Beba ile karatasi mlitia sahihi, mesej za M-PESA, na mazungumzo ya WhatsApp kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hivyo usifute hizo chat hata simu ikijaa, afadhali ufute video za kikundi.

Na mkiachana kwa amani, siku hiyo hiyo ingia kwa mipangilio ya Meta uwatoe kama partna, uwatoe kwa Google, ubadilishe paswadi ya tovuti na ya imeli, uangalie kama kuna adimini mwingine hujui jina lake, na uhakikishe kadi iliyo kwa akaunti ya matangazo ni yako na hakuna tangazo limeachwa likiendesha. Fanya hivyo hata kama walikuwa wazuri na unapanga kuwarudisha mwezi ujao, ukiwarudisha kuwaongeza tena ni dakika tano tu.